Pesa za kupitisha ramani ya nyumba: kaunti inachukua ngapi kweli na hizo zingine zinaenda wapi?

Kiamunyi_Juu
Wadau habari zenu. Niko na ploti ya 50 kwa 100 huku Kiamunyi, Nakuru, taito iko kwa jina langu na sina kesi na mtu. Nataka kuweka bedsita na za chumba kimoja, gorofa nne kwa jumla yaani chini na juu tatu. Sasa kila nikiulizia bei ya kupitisha ramani kila mtu ako na yake. Mmoja ananiambia laki na nusu yote ndani, mwingine ati elfu 60 lakini "kuna ya wazee huko ofisini", mwingine anasema tupige msingi Ijumaa jioni, Jumatatu ikifika slabu iko juu nani atakuuliza. Hio ya mwisho nimeikataa kabisa, kuna mtu hapa mtaani alijaribu hivyo na sasa ukuta wake umechorwa X nyekundu kubwa mpaka watoto wanaitumia kama goli, fundi naye alibeba mashine ya zege akapotea.

Ninachoomba ni mtu anichambulie, kaunti yenyewe inalipwa nini, wachoraji wanalipwa nini, na NEMA (wale wa mazingira) na hao wengine wanaingilia wapi. Sitaki kusikia "inategemea" peke yake, niambieni inategemea nini.

plana_wa_zamani
Mkuu, hii kazi nimeifanya miaka mingi kaunti za Rift na huko magharibi, sasa niko nje ya ofisi kwa hivyo naweza kuongea. Kwanza toa kwa kichwa hio mambo ya "yote ndani". Kuna pesa ya kaunti, kuna pesa ya wataalamu, kuna pesa ya mashirika ya serikali kuu, na kuna pesa ya tamaa. Anayekuambia laki na nusu yote ndani amezichanganya zote nne ndio usijue hio ya nne ni ngapi.

Ada ya kaunti haitungwi na karani pale kaunta. Katiba kifungu cha 210 inasema ushuru ama ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa ama kubadilishwa bila sheria, ndio maana kila kaunti inapitisha Finance Act yake, yaani sheria yake ya fedha, na nyuma ya hio sheria kuna majedwali marefu, ukishuka chini mpaka sehemu ya mipango ya ardhi na ujenzi utaona kila kitu kimeandikiwa bei yake. Na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, ile waliletea kufuta ya 1996, inaipa kaunti ruhusa ya kutoza ada kwa mtu anayeomba kibali. Kwa hivyo Nakuru ina yake, Kisumu ina yake, Kakamega ina yake, usichukue bei ya binamu yako wa Eldoret uende kubishana nayo Nakuru. Tafuta jedwali linalotumika sasa, mwaka wa fedha unaanza Julai na mtu anaweza kuwa anakusomea la zamani.

Sasa uliuliza inategemea nini. Kawaida ada kubwa inapigwa kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kwa mita mraba za sakafu zote, rudia hapo, ZOTE, sio ukubwa wa ploti. Ya pili ni asilimia ya gharama ya ujenzi iliyokadiriwa. Ploti yako ya 50 kwa 100 ni kama mita mraba 464 lakini huwezi kuifunika yote kwa sababu kuna nafasi ya kuacha mbele, pembeni na nyuma. Tuseme kila gorofa imetoka mita 200, mara nne ni 800. Kama jedwali lingekuwa linasema shilingi 80 kwa mita (huu ni mfano, usiende kuninukuu) hapo ni 64,000. Kama ni asilimia, tuseme nusu asilimia, na ujenzi umekadiriwa 25,000 kwa mita, jengo ni milioni 20 na ada ni laki moja. Unaona vile nyumba ni ileile na pesa zimepishana. Ndio maana uulize njia ya hesabu kabla ya kuuliza bei.

Halafu kuna zile ndogondogo zinazoandamana nayo, kila moja na mstari wake. Fomu ya maombi. Kukagua ramani za usanifu na za strakcha (nguzo, slabu na vyuma), saa zingine zinahesabiwa mbalimbali. Ukaguzi wa hatua za ujenzi, msingi, slabu, paa. Bango la saiti. Uzio wa mabati kama unagusa njia ya watu. Kubomoa kama kuna nyumba ya zamani. Mwisho cheti cha kuhamia, hicho watu wengi husahau mpaka benki ama mtu wa bima akikiulizia.

Ukipeleka faili mfumo unakutolea invoisi. Isome mstari kwa mstari ukiwa na jedwali mkononi. Lipa kwa namba rasmi ya kaunti tu, isomeke jina la kaunti kabla hujaweka pini. Kitu chochote hakiko kwa invoisi sio pesa ya kaunti, hata kama aliyekuomba amevaa beji.

JiweLaNjoro
Pesa ya tamaa 😂😂 mzee umenimaliza. Hio ndio haina jedwali.

Mama_Amalemba
Mulembe wote. Mimi ni wa Kakamega na nina vyumba vya wanafunzi huku karibu na chuo, wacha niongeze kitu plana amepita nacho haraka. Ada ya ramani haikuniumiza hata kidogo. Kilichoniumiza ni kwamba hawapokei faili bila cheti cha kumaliza reti za ploti, yaani ile kodi ya ardhi ya kaunti, na hio ploti nilinunua kwa mzee mmoja ambaye alikuwa hajalipa reti tangu enzi za manispaa. Riba imepanda juu ya riba. Deni la reti lilikuwa kubwa kuliko ada zote za kibali ukizijumlisha, na muuzaji ashatumia pesa yake ashaoa mke wa pili, utamdai wapi.

Kwa hivyo kabla hujanunua ploti ya kujenga uliza stetimenti ya reti, usiridhike na serch ya ardhi (ile ya kuangalia mwenye taito) peke yake kwa sababu serch haikuonyeshi deni la kaunti. Na kama ni lisi, yaani ardhi umepangishwa na serikali, kuna pia kodi ya ardhi ya serikali kuu, hio ni cheti kingine kabisa, watu huchanganya hizi mbili wakalipa moja wakaenda na kifua mbele wakarudishwa.

Na ile nyingine ya huku kwetu, mnajua wenyewe. Taito ni ya babu. Babu alifariki, baba amefariki, ndugu wamegawana kwa mdomo chini ya mwembe na kila mtu ako na kona yake. Ukienda kuomba kibali unaambiwa mwenye ardhi aweke sahihi. Mwenye ardhi ako kaburini hapo nyuma ya jikoni. Hapo inabidi urithi ufanywe kortini kwanza, saveya agawe, mgao wenyewe nao unahitaji kibali cha kaunti na ada yake, na kama ni ardhi ya kilimo bodi ya ardhi ikae. Yote hayo hujachora hata dirisha.

shamba_la_Lugari
Lakini si mambo ya kibali ni ya mjini? Huku ushago nani ashawahi kuomba kaunti ruhusa ya kujenga simba yake

plana_wa_zamani
@shamba_la_Lugari sheria ya 2019 haikuandika mjini. Section 57 inasema mtu asifanye uendelezaji ndani ya kaunti bila kibali, kaunti nzima. Ni kweli hakuna mtu atakuja kukufuata kwa nyumba ya udongo ya kijana, mimi mwenyewe sijaona. Lakini ukiweka gorofa ya kukodisha hapo sokoni ama petroli stesheni, ama kituo cha kuosha magari karibu na mto, watakuja. Na adhabu imeandikwa, faini isiyozidi laki tano ama jela isiyozidi miezi miwili ama vyote, na juu ya hapo unaweza kuambiwa urudishe ardhi vile ilikuwa. Kuna kaunti pia zinatoza anayekuja kuhalalisha jengo lililosimama tayari zaidi ya yule aliyekuja mapema, angalia jedwali lako kuna mstari wake.

Mama Amalemba umesema kweli tupu kuhusu reti, asante.

omera_wa_Riat
Omera hii uzi ingekuwa hapa mapema. Mimi niko Kisumu na huku tuna vitu vyetu vya ziada. Kama unajenga kwenda juu upande wa Otonglo na hizo sehemu za karibu na uwanja wa ndege kuna mambo ya urefu, lazima mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, ikubali urefu wa jengo lako ndio kaunti iendelee. Ukishuka upande wa Dunga na Nyalenda kuna ziwa na maji, wanaangalia umbali kutoka ukingoni. Nyamasaria kushuka Kano ni udongo mweusi na mafuriko, huko injinia atataka ripoti ya udongo, na kuchimba mashimo ya kupima udongo sio bure. Na kama lango lako linatokea barabara kuu, mamlaka ya barabara, KeNHA, nao wanataka barua yao, ya mjini ni KURA, ya mashambani KeRRA. Hizi zote hazimo kwenye ada ya kaunti na hakuna mtu anakwambia siku ya kwanza.

Kubwa zaidi kwangu ilikuwa kubadilisha matumizi. Ploti ilikuwa imepangwa ni ya nyumba moja ya familia, mimi nataka apatimenti. Hapo sio kuchora tu ukapeleka. Unatafuta plana aliyesajiliwa aandike ripoti, unaweka tangazo gazetini, unapiga bango kwa saiti lenye maelezo ya mradi, majirani wanapewa siku 14 za kupinga. Tangazo la gazeti hapo ndio nilishtuka, kaboksi kadogo hata jirani hakaoni bila miwani lakini bei yake ungedhani unatangaza unawania ugavana. Halafu ada ya kaunti ya kubadilisha matumizi nayo ni mstari wake tofauti na ya ramani. Kwa hivyo @Kiamunyi_Juu swali la kwanza sio gorofa ngapi, ni eneo lako limepangiwa nini. Kama hapo ni nyumba moja moja umeongeza safari nzima kabla ya kufika kwa ramani.

Kiamunyi_Juu
Asanteni sana, sasa naanza kuona mwanga. Nilienda kuuliza hio ya mpango wa eneo, nikaambiwa barabara yetu wanaruhusu nyumba za kukodisha lakini nihakikishe idadi ya gorofa na maegesho. Kubadilisha matumizi sihitaji, nimepumua.

Sasa wachoraji. Kuna kijana ananichorea kila kitu kwa elfu 25 na anasema anajua mtu wa stampu. Ofisi nyingine wanataka mara kumi ya hio. Mbona tofauti ni kubwa hivi kwa nyumba moja?

kalamu_na_rula
Hapa niingie kwa sababu ndio kazi yangu. Mimi ni drafti, nachora chini ya akitekti, sijifanyi akitekti.

Ramani inayoenda kaunti lazima iwe na mtu aliyesajiliwa nyuma yake. Usanifu ni akitekti wa bodi ya maakitekti, BORAQS, strakcha ni injinia wa bodi ya mainjinia, EBK. Muhuri wake na sahihi yake ndio unalipia, pamoja na kwamba nyumba ikianguka yeye ndiye anaitwa. Huyo kijana wa elfu 25 hakudanganyi kwa kuchora, anaweza kuchora vizuri kuliko mimi. Swali ni "mtu wa stampu" ni nani.

Nikuambie vile utajua. Kuna seti niliwahi kuletewa na mteja nimrekebishie ngazi. Nikaishika kwa mwanga wa dirisha. Muhuri wa akitekti ulikuwa mweusi, mistari yote nje ya duara imekatika mahali palepale kwenye kila karatasi, maana yake ni mhuri mmoja umepigwa picha ukabandikwa kwa kompyuta. Pale chini kwa kisanduku cha namba ya ploti kulikuwa na weupe kidogo umezidi karatasi, namba ya mtu mwingine ilifutwa. Hio ramani ilichorewa ploti ya mteremko huko kwingine, ikauzwa tena kwa ploti tambarare. Ngazi zilikuwa zinatokea hewani. Mteja alikuwa ashalipa, na ada ya ukaguzi ikishaingia kaunti ramani ikikataliwa usitegemee kurudishiwa, unaanza upya.

Majina ya waliosajiliwa unaweza kuyaangalia kwa bodi zao. Piga simu ofisi ya akitekti mwenyewe uulize kama anajua ploti yako. Dakika mbili tu.

Kuhusu bei, hakuna mtu analipa ya vitabuni kwa nyumba kama yako, mnakubaliana. Lakini ukubaliane kwa maandishi nini kiko ndani. Usanifu, strakcha, mabomba na umeme, kuprinti seti zote, marekebisho kaunti wakirudisha, na kuja saiti mara ngapi. Marekebisho ndio huleta vita. Kaunti ikisema ongeza dirisha la choo, mchoraji anataka pesa tena.

JiweLaNjoro
Mimi kama fundi nakubali hio ya ngazi. Tumejenga hewani sana bana.

Wakili_wa_Mtaani
Niongeze mawili. Moja, hizo Finance Act sio Biblia. Ya Kiambu ya 2013 ilifutwa na Mahakama Kuu 2014 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Kwa hivyo kaunti yako ikiita watu kutoa maoni kuhusu ada mpya nenda, watu huenda tu kulalamika ikishapita.

Pili, usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 sheria ya 2019 inasema inachukuliwa kibali umepewa. Watu wengi hawaijui hii. Ushalipa, faili iko ndani, miezi imepita, unasubiri nini?

plana_wa_zamani
Wakili hio ya siku 60 iko kweli lakini usimtume mtu vitani na rungu la karatasi. Hizo siku unazihesabu kuanzia wapi? Ofisi itasema maombi hayakuwa kamili, kulikuwa na stakabadhi imekosekana, na kama barua ya kukuambia hivyo waliituma kwa mchoraji wako na yeye hakukwambia basi umeshindwa kabla ya kuanza. Na hata ukishinda, benki inataka karatasi yenye muhuri, NCA (mamlaka ya ujenzi) wanataka karatasi yenye muhuri, askari wa kanjo akija saiti saa nne asubuhi hataki kusomewa sheria. Tumia hio siku 60 kuandika barua ya kukumbusha, pokea nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa, weka kwa faili. Hio barua inafanya kazi kuliko kuanza kuchimba.

Wakili_wa_Mtaani
Tofauti yetu ni ndogo mkuu. Nakubali barua kwanza. Lakini mtu asiogope kuitaja. Na wakikataa ramani, wanatakiwa kutoa sababu, na una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti, baada ya hapo ni korti ya mazingira na ardhi. Hizo 14 huisha mtu akiwa bado anatafuta "mtu wa ndani".

Kiamunyi_Juu
Na NEMA? Hakuna amejibu hio. Na NCA ni pesa ngapi

plana_wa_zamani
NEMA wanagawa miradi kwa hatari, ndogo, ya kati na kubwa. Gorofa za kukodisha ziko kwenye orodha, kwa hivyo unatafuta mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA akuandikie ripoti na yeye ndiye utamlipa zaidi, ada ya leseni yenyewe nenda ofisi yao ya Nakuru upewe ya sasa kwa sababu hio imebadilishwabadilishwa, kuna wakati iliondolewa kisha ikarudi. Usilipie kwa mdomo wa mtaalamu. Mlipe yeye ya ripoti, ya leseni lipa mwenyewe.

NCA, ile tozo ya nusu asilimia kwa miradi ya zaidi ya milioni 5 iliondolewa miaka kadhaa iliyopita. Bado kuna watu wanaitoza mitaani. Kusajili mradi bado lazima, na kontrakta awe amesajiliwa, lakini mtu akikuandikia "NCA levi 0.5%" kwenye karatasi yake muulize anaipeleka wapi.

Halafu maji taka. Ulizia NAWASSCO, kampuni ya maji ya Nakuru, kama mfereji wa maji taka umefika kwako. Kama haujafika chora septiki kwa ramani tangu mwanzo, mtu wa afya ya umma atairudisha faili kwa hio tu. Pia uangalie mchoraji wako anatumia kanuni gani, ile ya ujenzi ya 1968 imeondoka, ya 2024 ilianza kufanya kazi Machi 2025, na bado naona ramani mpya zinataja ile ya zamani.

omera_wa_Riat
Hio ya NCA nililipishwa mimi 😭 nilidhani ni lazima. Na risiti nilipewa ya kitabu cha duka.

Mama_Amalemba
Pole omera. Mimi sasa kila pesa nauliza, inaenda kwa nani na risiti inatoka kwa nani. Kijana akinijibu "mama wewe niachie" simwachii.

Kiamunyi_Juu
Sawa. Mpango wangu kwa sasa: natafuta jedwali la kaunti nipige hesabu ya mita zangu mwenyewe, nachukua stetimenti ya reti, halafu naongea na akitekti na injinia moja kwa moja, kijana wa elfu 25 namwacha. NEMA naenda mwenyewe. Nikipata invoisi nitaiweka hapa nikiwa nimefuta namba zangu mseme kama kuna mstari wa ajabu.

plana_wa_zamani
Iweke. Na usilipe siku hiohio umeipata, subiri tuione.

shamba_la_Lugari
Swali la mwisho kabla hamjafunga. Ukuta wa kuzunguka boma na geti, hio pia inaombewa ama nipige tu mawe?

plana_wa_zamani
Inaombewa, na kwenye majedwali mengi inahesabiwa kwa urefu wa ukuta, sio mita mraba. Pima kwanza bikoni zako (alama za mpaka) na saveya, ukuta ukiingia barabara kwa futi mbili utalipia kibali na kubomoa.

shamba_la_Lugari
Bikoni zilibebwa na mtu akajengea choo 😂 wacha nitafute saveya